Rambirambi za Kocha Aliye Hai

Nilifika Tuscaloosa, katika jimbo la Alabama, Jumamosi ya kwanza ya Januari 2024, nikiwa na sanduku moja, koti la kuazima na jeraha bichi moyoni. Jeraha hilo nililipata Novemba iliyotangulia, siku Yanga walipotufunga sisi Simba mabao matano kwa moja, na siku mbili baadaye klabu yetu ikaachana na kocha Robertinho. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo utetezi pekee nilionao kwa aibu nitakayoisimulia. Mtu aliyekulia Temeke anajua jinsi kocha anavyoondoka: hutolewa tangazo la mistari mitatu lenye kumtakia kila la heri, yeye hupelekwa uwanja wa ndege na dereva asiyezungumza, na kabla ndege haijaruka mashabiki wameshaanza kumsifu anayekuja. Hakuna anayelia. Hakuna anayepeleka maua.

Nilipanga chumba cha nyuma katika nyumba ya wazee wawili. Mzee alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa maneno machache na kofia moja nyekundu ambayo hakuivua hata mezani. Mkewe alikuwa amefundisha hesabu shuleni kwa miaka mingi, na bado alikuwa na tabia ya kumsahihisha kila mtu, akiwemo mtangazaji wa hali ya hewa. Walinieleza mapema kwamba katika mji huo mpira maana yake ni ule wao wa Kimarekani, unaobebwa mikononi, na kwamba timu ni moja tu, ile ya chuo kikuu. Kuhusu kocha hawakunieleza lolote, kama vile mtu asivyomweleza mgeni kwamba nyumba ina paa.

Jumatano, tarehe 10, nilirejea jioni na kuwakuta sebuleni gizani. Televisheni ilikuwa imewashwa bila sauti. Kofia nyekundu ilikuwa gotini, na kwa mara ya kwanza niliuona upara wa mzee. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani.

"Ametuacha," mzee akasema.

Kiingereza chake ni kile cha kusini, kinachovutwa kama asali inayodondoka kwenye kijiko, nami wakati huo nilikuwa nakielewa nusu tu. Nikauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyetuacha.

"Kocha."

Nikaitazama televisheni. Palikuwa na picha ya mzee mmoja mwenye uso mkali, na chini yake pameandikwa jina, Nick Saban, pamoja na miaka, 2007–2023. Kwetu picha ya mtu ikionyeshwa hivyo, ikiwa na miaka miwili iliyotenganishwa na kistari, hakuna haja ya maswali zaidi. Kinachofuata ni kuuliza msiba uko nyumba gani. Sikupiga hesabu kwamba kwa miaka ile marehemu angekuwa kijana wa miaka 16. Nikawapa mkono wote wawili, nikasema pole sana, nikaingia chumbani kwa kunyata na nikaoga bila kuimba.

Kesho yake nilipita mbele ya uwanja wa Bryant-Denny, unaochukua watu zaidi ya 100,000 katika mji ambao wakazi wake hawafiki idadi hiyo mara mbili. Hapo zimesimama sanamu tano za makocha walioiletea timu ubingwa wa taifa, na ya tano ni ya huyo Saban. Miguuni pake palikuwa na maua, chupa za Coca-Cola na biskuti za oti zenye krimu katikati, zikiwa bado katika makaratasi yake. Baadaye nilielezwa kwamba biskuti hizo ndizo kifungua kinywa chake maarufu, mbili kila asubuhi, lakini siku ile mimi niliona tambiko. Nilivutiwa sana. Niliwaza kwamba Wamarekani, pamoja na roketi zao zote, hawajawasahau wahenga. Halafu kwetu mtu hasimamishiwi sanamu akiwa bado analipa bili ya umeme, kwa hiyo kama palikuwa na shaka yoyote, ilizikwa hapo.

Basi nikafanya kile ambacho mama yangu angetaka nifanye. Nilinunua kadi ya rambirambi yenye picha ya yungiyungi, nikaandika ndani yake maneno yanayofaa, nikaiweka katika bahasha pamoja na noti ya dola 20, ambayo kwa mfuko wangu wa wakati ule ilikuwa chakula cha siku nne, na jioni nikavaa suti nyeusi.

Sebuleni palikuwa na watu. Alikuwepo mdogo wake mama, yaani shemeji yake mzee, ambaye alikuwa shabiki wa Auburn, mahasimu wakubwa wa timu ya Alabama, hali ambayo nyumba ile iliivumilia kama watu wanavyovumilia kikohozi cha jamaa. Walikuwepo majirani wawili na sahani ya mbawa za kuku. Kilichonishtua ni mazungumzo yao. Walikuwa wakijadili mrithi! Mmoja alimtaka kocha wa Oregon, mwingine wa Texas, na shemeji alisema atafurahi na yeyote mradi awe mbovu. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeduwaa: arobaini haijafika, maiti sijui hata imehifadhiwa wapi, na watu wanagombania kiti cha marehemu huku wanalamba vidole.

Nikakohoa. Wakanyamaza, pengine kwa sababu ya suti.

"Wazee wangu," nikaanza, "kwa niaba yangu na kwa niaba ya familia yangu ya Temeke, natoa pole kwa msiba huu mzito. Mimi ni mgeni, sikupata bahati ya kumfahamu marehemu, lakini nimeziona sadaka miguuni pake na nimeelewa alikuwa mtu wa namna gani. Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Naomba kujua tutamzika lini, ili niombe ruhusa darasani." Kisha, kwa kuwa kila mtu mjini humo alimaliza mazungumzo yake kwa maneno "Roll Tide," kaulimbiu ya mashabiki wa timu yao, nami nilikuwa nimeamua kwamba ni sawa na "Amina," nikainamisha kichwa na kusema kwa unyenyekevu: "Roll Tide."

"Roll Tide," wakaitikia wote isipokuwa shemeji, kwa mazoea tu, kabla akili zao hazijafika.

Halafu kikapita kimya ambacho hadi leo nakisikia nikijaribu kulala. Shemeji ndiye aliyelipuka kwanza. Alicheka mpaka akapaliwa na kuku, akatolewa nje, na tukaendelea kumsikia akicheka barazani huku akipigwa mgongoni. Mama akanishika mkono kwa upole wa mwalimu anayemrudishia mtoto karatasi yenye sifuri, akanieleza kwamba kocha yuko hai na ana afya njema, ana miaka 72, na amestaafu tu kwa hiari yake.

"Amestaafu," nikarudia. "Kwa hiyo maua yale ni ya mtu ambaye sasa hivi yuko kwake anakula?"

Mzee peke yake hakucheka. Aliifungua ile bahasha, akaisoma kadi tangu mwanzo hadi mwisho huku midomo ikimtikisika, akaipeleka jikoni na kuibandika kwenye jokofu kwa sumaku. Noti akanirudishia.

"Mwacheni kijana," akasema. "Katika nyumba hii ni yeye peke yake aliyelielewa jambo hili."

Kwa kauli hiyo nikawa, bila kuomba, mwanachama wa upande wa kocha wa zamani. Sikujua bado kama kungekuwa na upande wa pili. Ulipatikana Ijumaa, kocha mpya alipotangazwa: Kalen DeBoer, aliyetoka timu ya Chuo Kikuu cha Washington, ambaye siku nne tu kabla yake alikuwa amefungwa na Michigan katika mechi ya kugombea ubingwa wa taifa. Mzee aliliona hilo kuwa neno la mwisho. Mama, ambaye huamini namba kuliko machozi, alileta karatasi. Akiwa Washington, DeBoer alishinda mechi 25 na kupoteza tatu. Kabla ya hapo, katika chuo kidogo cha Sioux Falls, alishinda 67 na kupoteza tatu, akachukua ubingwa wa ngazi yao mara tatu.

"Sioux Falls iko South Dakota," mzee akajibu. "Huko mpinzani ni theluji."

Tangu siku hiyo sikuwahi kula chakula cha jioni bila mjadala huo kuwekwa mezani pamoja na chumvi. Mzee alikuwa na hoja moja kubwa, nayo aliipenda kama gari la zamani: kwamba hakuna mtu anayeweza kukalia kiti cha mfalme. Alisimulia habari za Bear Bryant, aliyetwaa ubingwa wa taifa mara sita, akastaafu mwisho wa 1982 na kufariki Januari iliyofuata, hata mwezi haujaisha tangu mechi yake ya mwisho. Hapo alinitazama kwa maana, kana kwamba kosa langu lilikuwa la tarehe tu. Aliyemfuata, Ray Perkins, jambo mojawapo la mwanzo alilofanya ni kuung'oa mnara ambao Bryant alikuwa akiupanda kuangalia mazoezi, na kwa maoni ya mzee laana ilianzia hapo, kwani ubingwa haukurudi hadi 1992.

"Saban naye ametwaa mara sita hapa," alisema. "Sita na sita. Sasa hesabu mwenyewe miaka ya njaa inayokuja."

Mama alimwacha amalize, kisha akatoa silaha yake. "Mwaka 2007, mwaka wa kwanza wa huyo mfalme wako, nani alitufunga 21–14, hapa hapa nyumbani?"

Mzee aliitazama sahani.

"Louisiana-Monroe," mama akanieleza mimi. Nilimwomba anifafanulie uzito wake, akatafuta mfano, nami nikamsaidia: ni kama Simba kufungwa kwa Mkapa na timu iliyokuja kwa basi la kukodi lisilo na breki. Akasema hasa, ndivyo.

"Ule ulikuwa mwaka wa kufagia nyumba," mzee akanung'unika.

Agosti ilipofika, marehemu alianza kuonekana. Nasema marehemu kwa sababu ndilo jina aliloshikwa nalo katika nyumba ile, na kosa ni langu. Alikuwa ameajiriwa na televisheni kuchambua mechi, kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi alitokea na suti yake, akitabasamu kuliko alivyowahi kutabasamu akiwa kazini. Mama alikuwa akiita kutoka jikoni: "Njoo, marehemu anazungumza!" Mzee aliivua kofia, akasikiliza, na kila neno la marehemu kuhusu timu nyingine alilichukua kama kijembe kwa kocha mpya.

Septemba 28 nusura mzee asilimu upande wa pili. Alabama waliwaongoza Georgia 28–0, wakaachia hadi wakapitwa 34–33, kisha kijana wa miaka 17, Ryan Williams, akadaka mpira, akajizungusha kama pia mbele ya walinzi na kukimbia hadi mwisho, hatua za yadi 75 kwa jumla. Ikaisha 41–34. Mzee alinikumbatia, akambusu mkewe, akatamka jina la DeBoer bila kukunja uso. Hali hiyo ilidumu siku saba kamili.

Jumamosi iliyofuata, Alabama wakiwa nambari moja nchini, walifungwa 40–35 na Vanderbilt, ambao hawakuwa wamewashinda tangu 1984. Mashabiki huko Nashville waliing'oa milingoti ya goli, wakaibeba mabegani katikati ya mji na kuitupa mtoni. Mzee alitazama yote hayo, kofia gotini, akasema sentensi moja tu kwa sauti ya shahidi mahakamani: "Marehemu asingeruhusu."

"Marehemu aliruhusu Louisiana-Monroe," mama akasema, lakini safari hii kwa upole.

Jumapili kengele ililia. Nilipofungua mlango nilimwona shemeji amevaa suti nyeusi, tai nyeusi, mkononi ana bahasha. Alinipita bila salamu, akasimama katikati ya sebule, akakohoa na kusema kwamba kwa niaba yake na kwa niaba ya familia yake ya Temeke, jina alilolitamka kama dawa ya kikohozi, anatoa pole kwa msiba huu mzito na anaomba kujua tutazika lini. Alikuwa amelikariri neno kwa neno tangu Januari. Ndani ya bahasha palikuwa na dola 20. Haya aliyafanya mtu ambaye timu yake mwenyewe, Jumamosi ile ile, ilikuwa imefungwa na Georgia 31–13.

Mzee aliniangalia mimi, si yeye. Ni hapo nilipofanya kosa la pili, la kutaka kusaidia: nikaeleza kwamba kwetu rambirambi huandikwa katika daftari, jina na kiasi, ili mwenzio naye akifikwa umrudishie. Macho ya mama yaling'aa. Alikwenda jikoni na kurudi na daftari la mistari, akachora safu kwa rula.

Tennessee wakatufunga 24–17, bahasha ikaja. Oklahoma wakatufunga 24–3. Bahasha ikaja, safari hii na shada dogo. Daftari likasoma dola 60, na mezani mzee akawa anatawala. Kisha Novemba 30 Alabama wakawafunga Auburn 28–14. Usiku huo huo tuliendesha gari hadi kwa shemeji, watu watatu wenye nguo nyeusi, na mzee akamkabidhi dola zake zote 60 huku ameiweka kofia kifuani.

Wakati wa kurudi mama alisubiri mpaka tukafika kwenye taa nyekundu.

"Kocha wangu amewashinda Auburn mara ya kwanza alipokutana nao," akasema. "Wako, mwaka 2007, walimfunga 17–10."

Taa ikawa ya kijani. Mzee hakuondoa gari. Aligeuka akanitazama mimi niliyekaa nyuma, akaniuliza kama kwetu matanga yana kikomo chochote. Nikamwambia ndiyo, huhitimishwa kwa arobaini.

"Siku?" akauliza, huku magari ya nyuma yanapiga honi.

"Siku."

Akasema yeye alikuwa ameelewa miaka, na akaondoa gari.