Mahubiri ya kweli, mhubiri mwongo

Katika Hadithi za Canterbury, kitabu cha visa vinavyosimuliwa na mahujaji, ambacho mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer hakuwahi kukimaliza hadi anafariki mwaka 1400, yumo muuza rehema, yaani mtu anayewapa watu vyeti vya Kanisa vya kupunguziwa adhabu ya dhambi ili watoe fedha, mwenye mada moja tu ya mahubiri: kupenda fedha ndiko shina la mabaya yote. Maneno ni ya Paulo kwa Timotheo. Kabla ya kuwasimulia mahujaji wenzake kisa, anawafichulia anavyofanya kazi. Foronya huiita shela ya Bikira Maria. Ana mifupa ya nguruwe kwenye chombo cha kioo, nayo eti ni masalia ya watakatifu. Kwa mwaka hujipatia marki 100 (kipimo cha fedha cha Uingereza ya zamani), na hata mjane fukara kuliko wote kijijini hamwachi, watoto wake wafe njaa wakitaka. Hayo anayasema akiwa ameshasimama kwanza apate bia, kisha anaanza kukemea ulevi.

Lakini kisa chenyewe ni kitamu. Walevi watatu, wakati wa tauni, wanaapa kumsaka Mauti wamuue. Mzee mmoja anawaelekeza chini ya mwaloni, wanakuta rundo la dhahabu. Mdogo wao anatumwa mjini kuleta mkate na divai. Waliobaki wanapanga kumchoma visu wakagawane wawili. Naye huko anatia sumu chupa mbili kati ya tatu. Anarudi, wanamuua, wanakunywa. Mauti wamempata. (Kisa ni kikongwe: Ghazali, aliyefariki 1111, anacho kwenye kitabu chake Ihya akimtaja Nabii Isa, na Wabudha wa India wanacho kwenye Jataka, visa vya maisha ya awali ya Buddha.)

Sasa, je, funzo linaharibika kwa kuwa limetoka kinywa kichafu? Wapo watakaosema hapana, na hoja yao ni nzito. Misikitini huzunguka usemi wa Kiarabu: tazama kilichosemwa, usimtazame aliyesema. Augustino naye, akibishana na Wadonati wa Afrika Kaskazini, Wakristo waliosema sakramenti ya padri mkosefu ni batili, alishikilia kwamba sakramenti haichafuki kwa dhambi za padri. Tukingoja wahubiri wasafi, mimbari zitaota nyasi. Na muuza rehema mwenyewe anakiri kwamba wapo wanaotubu kweli kwa maneno yake, ingawa hilo si lengo lake.

Mimi nasita hapo. Augustino alikuwa akimlinda muumini, asibaki na wasiwasi juu ya ubatizo wake. Hakuwa akimtetea mtu wa foronya. Kwa huyu, uongo haukai kando ya mahubiri. Mahubiri ndiyo ndoano. Aliyeshawishika kwamba fedha ni sumu atataka kuitua haraka, na kapu liko pale pale miguuni pa aliyemshawishi. Kadiri kisa kinavyokuwa kizuri, ndivyo mjane anavyozidi kuibiwa.

Kanisa lililiona hilo mapema. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Laterano wa mwaka 1215 ulikataza kuuza masalia na kuwataka wakusanya sadaka wawe na barua za Papa au za askofu. Kazi yenyewe ikaja kufutwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1562, zaidi ya miaka 300 baadaye! Kuchelewa huko hakukuwa uzembe mtupu: fedha za rehema zilijenga hospitali na madaraja, na muuza rehema wa Chaucer anahusishwa na Rouncivale, hospitali iliyokuwa karibu na Charing Cross, London. Mgonjwa aliyelazwa humo pengine asingejali sarafu ilipatikanaje.

Akimaliza kisa, jamaa anafanya jambo ambalo wasomaji bado wanabishania: anawauzia masalia yake watu wale wale aliokwisha kuwaambia ni feki. Anaanza na Harry Bailly, mwenye nyumba ya wageni. Harry anamjibu tusi lisiloandikika hapa, muuza rehema ananuna, watu wanacheka, hadi mpanda farasi wa vita anawapatanisha kwa busu. Kisa hakuna anayekipinga. Wala Chaucer hasemi kama kuna aliyefungua mkoba.