Mmexico na Mwapache: kabla ya kuuliza nani maskini zaidi

Katika jimbo la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, kuna mji mdogo uitwao Superior. Wakazi wake hawafiki 2,500, na wengi wao wana asili ya Mexico. Mgodi wa shaba uliowalisha babu na baba zao ulifungwa mwaka 1996. Ukitoka hapo kuelekea mashariki barabara inapanda mlima, na baada ya mwendo mfupi unafika kwenye tambarare ya mialoni ambayo ramani za serikali huiita Oak Flat na Waapache, wenyeji wa asili wa eneo hilo, huiita Chi'chil Biłdagoteel. Chini ya mialoni hiyo kuna shaba nyingi sana. Kampuni ya Resolution Copper, inayomilikiwa na makampuni makubwa ya madini ya Rio Tinto na BHP, inasema mgodi wake unaweza kukidhi hadi robo ya mahitaji ya shaba ya Marekani. Endelea na barabara hiyohiyo, pita Miami, pita Globe, na utaingia San Carlos, nchi ya Waapache.

Pande zote mbili za barabara hiyo watu wana shida ya fedha. Mjadala wa nani kati yao ana hali mbaya zaidi ni wa zamani, na majibu yake hutoka haraka mno. Wapo wanaosema: Mmexico alifika mikono mitupu, akachuma mboga, akachimba shaba, akasomesha watoto na kunyanyuka, ilhali Mwapache ana ardhi, ana huduma za serikali, ana kasino, na bado yuko palepale. Wengine hujibu kwamba Mwapache walau ana chake. Ana mipaka, ana serikali, ana mahakama. Mmexico ni kibarua wa kudumu ambaye siku moja anapewa mkataba na siku ya pili anapakiwa kwenye basi la kurudishwa. Nimezisikiliza hoja zote mbili kwa muda mrefu. Kila moja ina ukweli wake, ila zote zinashika mzani vibaya.

Takwimu kwanza, kwa kuwa hazikwepeki. Mwaka 2022 umaskini kwa kipimo rasmi cha Marekani ulikuwa asilimia 11.5 kwa nchi nzima, karibu asilimia 17 kwa Wahispania (yaani wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania), na asilimia 25 kwa wenyeji wa asili. Wahispania si Wamexico peke yao, ingawa Wamexico, takriban milioni 37, ndio wengi. Wenyeji wa asili nao si Waapache peke yao. Waapache walioandikishwa katika makabila yao ni makumi ya maelfu tu. Hata hivyo picha ya jumla haina utata: ukipima kwa kipato, Mwapache yuko chini.

Hapa inafaa nisimame kidogo kwenye maneno. Wengi wetu tulikua tukiwaita watu hawa Wahindi Wekundu, jina lenye makosa mawili kwa pigo moja, maana Mhindi tunayemjua sisi ana duka Mombasa au Mwanza na hana undugu wowote na Geronimo, yule kiongozi wa vita wa Waapache. Na ardhi wanayoishi tumezoea kuiita hifadhi. Ukisema hifadhi kwetu, mtu anaona simba, twiga na magari ya watalii. Kule waliohifadhiwa ni watu, na mwanzoni walihifadhiwa kwa bunduki: asiye na kibali hakuruhusiwa kutoka. Hilo la ruhusa ya kutoka lina uzito kuliko kasino zote.

Chanzo ni mwaka 1848. Mexico iliposhindwa vita ilisaini Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, ikaiachia Marekani zaidi ya nusu ya nchi yake. Katika mkataba huo Wamexico waliobaki upande wa kaskazini waliahidiwa uraia na ulinzi wa mali zao. Waapache nao wamo, lakini si kama watu wa kupewa haki. Wamo katika kifungu cha 11, ndani ya kundi la "makabila ya washenzi", ambao Marekani iliahidi kuwazuia wasivuke kwenda kushambulia Mexico. Karatasi moja, jamii mbili: moja ikaingizwa kama raia, nyingine kama kero. Mmexico alikuwa raia kwenye karatasi hata pale alipoporwa shamba mahakamani, na wengi waliporwa. Mwapache alisubiri uraia hadi 1924, na Arizona haikumruhusu kupiga kura hadi 1948, kwa hoja kwamba yuko "chini ya ulezi", kifungu kilekile cha katiba ya jimbo kilichowazuia wenye maradhi ya akili.

Wala tusijidanganye kwamba hawa ni ndugu wawili walioonewa pamoja. Walikuwa maadui. Tangu miaka ya 1830 majimbo ya Mexico ya Sonora na Chihuahua yalilipa fedha kwa kila ngozi ya kichwa cha Mwapache. Geronimo aliuliwa mama, mke na watoto watatu na askari wa Mexico karibu na Janos, na hakusamehe hadi kufa. Waapache nao walivamia, wakachukua mifugo, wakateka watoto. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1871, kundi lililotoka Tucson liliua zaidi ya Waapache mia moja huko Camp Grant, kambi ya jeshi, karibu wote wanawake na watoto, watu waliokuwa wamekwisha kujisalimisha chini ya jeshi. Wauaji walikuwa Wazungu sita, Wamexico 48 na watu 92 wa Tohono O'odham, kabila jingine la wenyeji wa asili. Walipofikishwa mahakamani, wazee wa baraza wa mahakama waliwaachia huru baada ya dakika 19.

Lakini uadui ule uliwachanganya vilevile. Mwaka 1861 kijana mmoja wa Kimexico, Felix, alitekwa na Waapache. Akalelewa nao, akawa mkalimani na mpelelezi wa jeshi kwa jina la Mickey Free, na akafia kwenye ardhi ya Waapache wa White Mountain. Leo ungemweka kwenye safu gani ya takwimu?

Turudi kwenye mifuko ya watu. Ngazi ya Mmexico imekuwa kazi, nayo ni ngazi iliyotobolewa mara nyingi. Katika migodi ya Arizona kulikuwa na kitu kilichoitwa waziwazi mshahara wa Kimexico: kazi ileile, malipo pungufu. Mwaka 1917 huko Bisbee wachimbaji waliogoma na wafuasi wao wapatao 1,200, wakiwemo Wamexico wengi, walipakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe na kutupwa jangwani New Mexico. Miaka ya 1930 mamia ya maelfu walirudishwa Mexico, wakiwemo watoto waliozaliwa Marekani. Halafu vita vikaja, mashamba yakakosa mikono, na kati ya 1942 na 1964 ikasainiwa mikataba zaidi ya milioni nne ya vibarua. Njoo, nenda, njoo tena. Asiye na makaratasi hadi leo anakatwa kodi ya marupurupu ya uzeeni ambayo hatayala.

Pamoja na yote hayo, mlango wa kazi haukufungwa kabisa. Aliyefukuzwa Bisbee aliweza kwenda Los Angeles. Aliyekosa Texas alijaribu Chicago, kwa shangazi, kwa jirani wa kijijini, kwa mtu aliyemtangulia. Kila aliyetangulia alikuwa daraja la wengine. Mwaka 2023 Mexico ilipokea zaidi ya dola bilioni 60 kutoka kwa watu wake walio nje, karibu zote kutoka Marekani. Mtandao wa namna hiyo hauhitaji kuelezwa kwa msomaji mwenye binamu Muscat au Minneapolis.

Mwapache alipewa kinyume chake: ardhi bila njia. Na hata ardhi yenyewe ilimegwa. Eneo la San Carlos lilikatwa mara kadhaa kila madini yalipoonekana pembezoni mwake. Mwaka 1930 likazinduliwa Bwawa la Coolidge kwa ajili ya mashamba yaliyoko chini ya mto. Mji wa zamani wa San Carlos ukaachwa uzame na makaburi yakafunikwa kwa zege. Siku ya uzinduzi maji yalikuwa machache na nyasi nyingi, hata mchekeshaji Will Rogers akatania kwamba kama ziwa lingekuwa lake, angelifyeka. Ardhi iliyobaki inashikwa na serikali ya Marekani kama amana. Hilo limeiokoa isiuzwe kipande kwa kipande, jambo ambalo Wamexico wa New Mexico, waliopoteza malisho yao ya pamoja kwa mawakili na mahakama, wangelitamani sana. Ila amana hiyohiyo inamfanya mwenye nyumba San Carlos ashindwe kuiweka rehani kama mwenye nyumba Phoenix. Kuna mpango wa serikali wa kudhamini mikopo ya nyumba kwa wenyeji tangu 1992, lakini njia yake ni ndefu, ina mihuri mingi, na anayeuza nyumba soko lake ni finyu. Ukuta uleule uliomzuia mwizi unamzuia na mteja.

Na kasino? Hoja hii hutupwa kila mara kama karata ya mwisho. Sheria ya kamari ya makabila ilipitishwa 1988, na kweli yapo makabila yaliyotajirika, mengi yakiwa jirani na miji mikubwa. Waapache wengi wako mbali. Waapache wa Mescalero, huko New Mexico, wamefanikiwa kwa kuwa wana mlima wenye theluji na watalii wa kutoka Texas: walinunua eneo la kuteleza kwenye theluji mwaka 1963, wakafungua hoteli 1975, miaka mingi kabla ya sheria ya kamari. Waapache wa Jicarilla wana mafuta na gesi, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba wana mamlaka ya kuyatoza kodi makampuni yanayochimba kwao. Kwangu mimi hukumu hiyo ina thamani kuliko meza zote za kamari. Hakuna mtaa wa Wamexico Marekani, hata uwe na watu milioni, unaoweza kuitoza kampuni ya mafuta kodi kwa jina la kabila lake. San Carlos hawana theluji wala mafuta. Wana ng'ombe, mito iliyozuiliwa juu na chini, na kasino ndogo kando ya barabara. Kwa hiyo hata kusema "Waapache" kama fungu moja ni kujirahisishia kazi.

Sasa nieleze ninaposema mzani umeshikwa vibaya. Takwimu za Wamexico wa Marekani, sehemu kubwa, ni za watu waliohama au watoto wa waliohama: waliothubutu, wenye afya ya kuvuka jangwa, wenye jamaa wa kuwapokea. Walioshindwa wengi walirudi, na hawamo kwenye hesabu ya Marekani. Takwimu za San Carlos ni za waliobaki. Kijana wa Kiapache akihitimu uuguzi na kuajiriwa Phoenix, anatoka kwenye wastani wa San Carlos na kuuacha mkiani zaidi. Kijana wa Superior akifanya hivyohivyo, anaupandisha wastani wa Wamexico. Ni kama kumlinganisha aliyebaki kijijini na mtoto wa jirani aliyekwenda mjini, kisha kuhitimisha kuwa ukoo wa jirani ndio wenye akili. Atakaye ulinganifu wa haki aichukue San Carlos aiweke kando ya vijiji vya Oaxaca au milima ya Chihuahua, ambako ndugu wa vibarua wale wanasubiri simu na fedha.

Wenye hoja ya pili, wale wasemao Mwapache walau ana chake, watafurahi hapo, lakini nao wana la kujibu, nalo ni afya. Mwaka 2021 umri wa kuishi uliotarajiwa kwa Wahispania Marekani ulikuwa karibu miaka 78, zaidi hata ya Wazungu. Kwa wenyeji wa asili ulikuwa karibu 65. Miaka 13 ya tofauti haielezwi na wahamaji kuwa na afya njema tu. Mwenyeji wa asili ana haki ya matibabu ya serikali iliyoahidiwa kwa ardhi aliyotoa, wakati Mmexico asiye na makaratasi mara nyingi hana hata bima. Kwa karatasi, mgonjwa wa kwanza yuko vizuri zaidi. Huduma hiyo ikipewa watu na vifaa, inaonekana: mwaka 2020 wahudumu wa hospitali ya Whiteriver, kwa Waapache wa White Mountain, walikwenda nyumba kwa nyumba kuwapima oksijeni waliokuwa hatarini, na kiwango cha vifo kati ya walioambukizwa Covid kikawa chini ya kile cha jimbo zima. Mwaka wa kawaida, bajeti huwa haifanani na ahadi. Kisukari, pombe na ajali za barabarani huua mapema. Kuwa na haki bila fedha za kuitekeleza kumewagharimu Waapache zaidi ya vile watetezi wa uhuru wa makabila wanavyopenda kukiri.

Pale Oak Flat hoja zote hizi zimekusanyika. Mwaka 1955 serikali ya Eisenhower ilipiga marufuku uchimbaji hapo. Desemba 2014 Bunge likapenyeza kibadilishano cha ardhi ndani ya sheria ya bajeti ya ulinzi, ili kampuni ipewe eneo. Uchimbaji wenyewe utaacha shimo la upana wa kilomita karibu tatu. Waapache, wakiongozwa na aliyekuwa mwenyekiti wa San Carlos, Wendsler Nosie, walikwenda mahakamani wakisema hapo ndipo wanapofanyia ibada, pamoja na sherehe ya siku nne ya binti aliyevunja ungo. Machi 2024 mahakama ya rufaa iliwakatalia kwa kura sita kwa tano, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi yao.

Superior haikugawanyika kwa rangi kama mtu angetarajia. Wapo wanaohesabu ajira, maana mji bila mgodi unawapoteza vijana wake wote. Wapo wachimbaji wastaafu, wenye majina ya Kihispania, waliojiunga kuupinga mradi kwa kuwa wanaijua migodi: wanajua hufungwa lini, na nani hubaki na vumbi. Na wapo Waapache wanaolipwa na kampuni. Anayetaka mgodi anaweza, ukifungwa tena, kumfuata mwanawe Phoenix au Tucson. Mama wa Kiapache anayemwandalia binti yake ngoma ya siku nne hana Oak Flat nyingine ya kuhamia.