Mvi Si Hukumu ya Kukaa

Jumapili iliyopita, nikiwa Raskazone nikicheza gofu ya visahani, mchezo wa kurusha visahani vya plastiki hadi kwenye kikapu chenye minyororo, kijana mmoja aliniamkia kwa adabu zote, kisha akaniuliza kama sioni haya, kwa umri wangu, kurusha vitu vya watoto badala ya kukaa barazani nikacheza bao. Swali lile lilinikera, kwa sababu hapa Tanga ni kama tumeafikiana kwamba mtu akishaota mvi, kazi iliyobaki ni kukaa.

Gofu hii niliipenda nilipokuwa masomoni Marekani, na sijaiacha mpaka leo. Bao nalicheza na kuliheshimu, lakini bao halininyooshi mgongo. Katika gofu hii natembea kutoka mti hadi mti nikihesabu mitupo, mpaka kisahani kiguse minyororo na kutumbukia kikapuni. Nguvu za ujana si sharti, maana kisahani hutii kiuno na kiganja kuliko misuli. Upepo wa kusi ukivuma usoni, kijana hukirusha kwa pupa kikabinuka na kupotelea vichakani, ilhali mimi hukiinamisha ukingo wa mbele kidogo, nikakirusha chini chini, kikapenya. Ujuzi huo huja na miaka, na ndio unaomfanya mzee awe mpinzani wa kweli, si mtu wa kuonewa huruma.

Ed Headrick, Mmarekani aliyebuni kikapu cha minyororo, alikuwa ameshavuka miaka 50 alipoanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa wa mchezo huu mwaka 1976, na leo chama hicho kina madaraja ya mashindano hata kwa waliotimiza miaka 70. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa katika plastiki ya visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Maziko ya namna hiyo si ya kwetu, lakini mapenzi yake nayaelewa.

Nakubali kwamba vifaa ni shida. Visahani naletewa na jamaa walioko ng'ambo, na kikapu nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea wa Ngamiani kwa ringi ya baiskeli na minyororo ya kawaida.

Ombi langu kwa wanaopanga viwanja vya wazi vya mji huu ni kwamba, wanapotuwekea wazee mabenchi, watuwekee pia vikapu viwili vitatu kati ya miti iliyopo, bila kukata hata mmoja, kwani mchezo huu unaihitaji miti hiyo.