Kitabu cha darasa la pili kinalala wapi?

Jumapili jioni ujumbe wa mwalimu uliingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la pili, anakosoma binti yangu hapa Dar es Salaam: "Wazazi wapendwa, watoto wengi kusoma bado. Tunaomba mkae nao nyumbani, shule peke yake haiwezi." Hata dakika tatu hazikupita, baba mmoja akajibu: "Mwalimu, habari za jioni. Sisi tumewaleta kwenu ndio wafundishwe. Tungekuwa tunaweza wenyewe, tungewaleta?" Mama mwingine akaweka kicheko. Kisha kimya, mpaka Jumatatu yalipotumwa majina ya waliochanga na wasiochanga hela ya uji.

Ugomvi huu nimeusikia Mbagala, nimeusikia Bariadi kwa ndugu zangu, na kila mara najikuta namuunga mkono aliyesema wa mwisho.

Yule baba ana hoja nzito kuliko kejeli yake. Serikali yenyewe ilishakubali kwamba kumfundisha mtoto kusoma ni kazi ya darasani. Mwaka 2012 ilibainika kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika, na mtihani wa darasa la saba walikuwa wamefaulu! Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa, ukajikita kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba K ya kwanza ni ya mama na baba.

Majirani nao wametuonyesha kwamba darasa likipangwa linaweza. Kenya ilipoutandaza mpango wa Tusome mwaka 2015 katika shule za msingi za umma, nguvu kubwa iliwekwa darasani. Kila mtoto akapewa kitabu chake, mwalimu akapewa mwongozo wa somo kwa somo, na maofisa wakatumwa kukaa nyuma ya darasa, wamtazame akifundisha kisha wamshauri. Usomaji ukapanda, Kiswahili na Kiingereza. Wazazi walikuwa walewale, na shughuli zao zilezile.

Lakini mfuate mwalimu wetu mpaka ndani. Sera inataka watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa ya chini yamefurika, na watoto 90 chumba kimoja si ajabu tena. Kipindi cha darasa la pili ni dakika 30. Asipofundisha chochote, asiite majina, asimruhusu hata mmoja kwenda chooni, muda wote akautumia kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa sauti, kila mmoja anapata sekunde 20.

Sekunde 20 za Kiswahili ni kitu gani? Lugha yetu inamhurumia anayeanza. Irabu ni tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Ukishashika ba be bi bo bu na ma me mi mo mu, umeshaondoka nyumbani. Mitego ipo, ng'ombe na ngoma, mwa na nywa, ila mtoto huizoea. Ugumu wetu uko kwenye urefu wa maneno. Mpe mtoto "hawakutuandikia". Atapiga ha, wa, ku, tu, a, ndi, ki, a, silabi nane, moja moja, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na akifika ng'ambo ameshasahau alikotoka. Nani hakuandika? Hakumwandikia nani? Hajui. Jicho linaanza kulidaka neno zima baada ya kulikuta mara nyingi, na hizo mara nyingi hazienei ndani ya sekunde 20. Mwalimu aliposema shule peke yake haiwezi, hakuwa anakwepa kazi.

Tatizo ni kwamba "kaeni nao" ikifika nyumbani inageuka kitu kingine. Mama anashuka kwenye daladala saa mbili usiku. Kazi ya nyumbani ameshaifanya dada wa kazi, kwa mwandiko mzuri kabisa, na kesho yake mwalimu ataweka vema. Wenye uwezo wanalipia twisheni, ambayo mara nyingi ni darasa lilelile limehamia barazani kwa mwalimu yuleyule. Jukumu la kufundisha kusoma likihamia nyumbani, watoto wanagawanywa kwa mfuko wa mzazi kabla hawajafika darasa la tatu. Ndiyo maana ujumbe ule, pamoja na huruma yote niliyonayo kwa mwalimu, sikuujibu "sawa mwalimu".

Hata hivyo nilikaa na wangu. Alikuwa na kopi ya ukurasa mmoja, hadithi ya sungura na kisima, na usiku wa kwanza aliisoma yote bila kukwama. Nikajivuna. Kisha nikaona kidole chake kiko mstari wa pili wakati mdomo umeshafika wa nne. Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja la katikati: hili je? Akaniangalia. "Baba, hilo peke yake hatujaliimba."

Darasani huwa wanasoma kwa pamoja, mwalimu akitangulia nao wakifuatisha, na ndani ya kwaya ya sauti 90 nani atajua yupi anasoma na yupi anaimba? Wapimaji wa Uwezo, tathmini ya kusoma na kuhesabu iliyoanza kupita nyumba kwa nyumba Tanzania mwaka 2010, hukaa na mtoto mmoja mmoja na karatasi yenye silabi, maneno, aya na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Hadithi hiyo wamewakuta hata wa darasa la saba wakishindwa nayo. Watoto hao walikuwa na mwalimu miaka yote. Walichokosa ni mtu wa kuwasikiliza peke yao.

Na msikilizaji si lazima awe msomi. Aliyemsaidia binti yangu kuliko mimi ni mama yangu, ambaye shule aliishia njiani na macho yake siku hizi hayaoni herufi ndogo. Alipokuja kukaa nasi mwezi mmoja alimfanya mjukuu karani wake. Nisomee huu mfuko wa unga. Nisomee hii pakiti ya dawa. Siku moja ukaingia ujumbe wa M-Pesa, mtoto akausoma kwa madaha: "Umepotea shilingi elfu ishirini."

"Nimepotea wapi tena?" bibi akauliza. "Rudia, mama, hiyo haina maana."

Akarudia. U-me-po-ke-a. Bibi hakujua ni herufi ipi iliyokosewa. Alijua tu kwamba sentensi haisimami, na kwa kulikataa lile neno alikuwa amefundisha jambo ambalo kwaya haifundishi, kwamba kinachosomwa lazima kieleweke. Usiku akizima taa anaita "Paukwa!", mtoto anaitika "Pakawa!", na hapo hakuna karatasi kabisa, ila kuna fisi, kuna kisasi, kuna "kisha ikawaje?". Kule Bariadi mambo hayo yanaenda kwa Kisukuma, na mtoto anazoea kufuata kisa vilevile. Maneno ya Kiswahili ndiyo anayaanza shuleni, na kwa hayo nyumba hiyo haina cha kulaumiwa.

Kwa hiyo silabi mimi ningemwachia mwalimu, na serikali impunguzie watoto ili aziweze. Nyumbani ningeomba sikio la dakika kumi kwa siku. Kaka wa darasa la sita anatosha. Lakini sikio linataka kitu cha kusikiliza, na hapo wote wawili, mwalimu na yule baba, walikuwa wanagombana kando ya jambo lenyewe. Katika shule nyingi nilizoingia, vitabu vya darasa la pili viko kabatini ofisini, vipya, vinanukia wino, vimepigwa muhuri na kuhesabiwa. Vinatoka kipindi kikianza, kimoja kwa watoto watatu au wanne, na kengele ikilia vinarudi. Usiku vinalala na ufunguo.

Sababu ipo, sitaki kujifanya siioni. Kitabu kikipotea anaulizwa mwalimu. Mdogo wake mtoto atakichora, mvua itakilowesha, na mimi mwenyewe nimewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye ukurasa wa Hisabati. Ila kitabu kilichofika miaka mitano bila kona kukunjika kimemfaidia nani? Na anayesema vitabu vya Taasisi ya Elimu vinapatikana mtandaoni hajawahi kumpa mtoto wa miaka saba simu yenye chaji asilimia 11.

Wiki ile niliandika kundini: "Mwalimu, tunaweza kuazima kitabu kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu?" Akajibu kwa faragha, siyo kundini: "Mzazi, vikipotea nitalipa mimi." Nikamwambia tutasaini, na atakayepoteza atanunua. Alichukua siku nne kufikiri, na nadhani siku mbili kati ya hizo zilikuwa za kumbembeleza mwalimu mkuu.

Ijumaa iliyofuata vilitoka vitano, kwa watoto watano, kila kimoja ndani ya mfuko wa nailoni. Yule baba wa "tungewaleta?" alikuwa wa kwanza kusaini. Jumatatu vilirudi vyote, kimoja kina doa la chai ukurasa wa 14. Mwalimu alilitazama lile doa, akafungua daftari lake, akaandika tarehe na neno "kimerudi", kisha akauliza nani anakitaka Ijumaa.