Lipia Msasa, Usilipie Rangi

Pitisha kiganja juu ya paa la Land Cruiser ya zamani, zile hadtopu, zenye paa gumu, za toleo la 40 ambazo Toyota ilizitoa Japani kuanzia 1960 hadi 1984. Kikirudi kina weupe kama cha mwalimu aliyetoka kufuta ubao, jua limeshakula. Sogeza jicho utaona na vinyweleo vinametameta. Hivyo ni vioo. Paa lile si bati, ni faiba, yaani plastiki yenye nyuzi za kioo ndani, na wengine wanaliendesha miaka bila kujua mpaka fundi aligonge lilie kama ndoo ya plastiki.

La kwangu lilipofika hapo nililipeleka gereji moja hapa Arusha. "Lete asubuhi, jioni unachukua, bosi." Nikaona nimepata. Jioni lilikuwa linang'aa kama sahani ya harusi. Masika ilipoingia likatoka malengelenge, kisha rangi ikaanza kubanduka vipande vipana, kama ganda la yai la kuchemsha. Niligeuza kipande kimoja: upande wa chini ule unga mweupe ulikuwepo vilevile. Walikuwa wamepaka rangi juu ya chaki.

Nilikasirika, lakini siku hizi najilaumu zaidi mimi. Sisi wenye magari ndio tunaowafundisha mafundi kulipua kazi. Tukifika tunauliza rangi bei gani. Hakuna anayeuliza msasa utapigwa siku ngapi. Fundi naye ana watoto. Analipwa kwa kung'arisha, basi anang'arisha.

Mara ya pili tuliifanya uani kwangu, mimi na kijana mmoja wa mtaani mwenye subira kuliko umri wake. Siku tisa. Za kupuliza rangi zilikuwa mbili tu.

Tulianza na sabuni, maji, halafu kitambaa chenye thina, kwa sababu ukipiga msasa juu ya polishi ya zamani unaisukumia nta ndani ya mikwaruzo. Msasa namba 80 kwenye rangi iliyokufa, kisha 120, kisha 220, mpaka kiganja kirudi kisafi. Ile ngozi ya juu ya faiba, jelikoti, ni kama nusu milimita tu, kwa hiyo mkono mzito unaimaliza. Nyufa tulizichimba kidogo na kuzijaza resini, ile gundi ya maji inayoganda, na kitambaa cha faiba. Ukiufunika ufa kwa puti, ule uji mzito wa kuzibia, peke yake utarudi, maana paa linacheza gari likiingia kwenye mashimo. Kisha tukaliacha likauke juani siku tatu. Faiba iliyo uchi inakunywa maji.

Vitundu ndivyo vilivyotutoa jasho. Ukimulika tochi kwa ubavu unaviona, vidogo kama vya sindano, mamia. Unavijaza puti laini kwa kipande cha mpira, unapiga msasa, unamulika tena, vingine vinakuchekea. Baada ya hapo praima ya epoksi, rangi ya msingi, inayolaza vile vinyweleo, msasa wa maji namba 400, ndipo rangi. Nyeupe. Kuna rafiki alitaka niweke nyeusi ipendeze. Yeye hapandi gari hilo saa saba mchana.

Usiku wa kwanza nilijikuna mpaka nikaoga maji ya moto, nikazidisha mambo. Maji ya baridi ndiyo yanayoondoa vioo mwilini. Na kwenye rangi ya kuchanganya na hadna, dawa ya kuigandisha, sina utani kabisa: kitambaa ulichojifunga puani hakizuii mvuke ule, na kifua kikishaukataa hakisahau. Nunua barakoa yenye vichujio vya kemikali, na mnunulie na kijana.

Sasa limepita masika mbili. Wanaoliona huniuliza nilitumia rangi gani. Nikianza habari za msasa, wanatoa simu.