Salamu za Barabara ya Tukuyu

Corolla yangu ni kongwe, na taa zake za mbele zilikuwa zimebaki na mwanga wa kibatari. Ukipita Isyonje usiku, kule juu kati ya Mbeya na Tukuyu, ukungu umeshuka, unaendesha kwa kumwomba Mungu na kunusa lami. Nikasema hapana, nikaenda Mwanjelwa, Mbeya mjini, kufungiwa globu za LED.

Fundi alikuwa kijana mwenye maneno. "Hizi mzee baba, ukiwasha tu, usiku unakimbia!" Akaziwasha tuzijaribu. Ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka. "Umeona?" Nikasema nimeona. Sikuona kitu, lakini nilishalipa.

Jumapili jioni natoka Tukuyu na mjomba wangu, anakuja mjini kutibiwa goti. Kabla hata ya Kiwira, gari la kwanza likanipiga fuli, zile taa za mbali, mara mbili. Kila dereva anajua maana yake: trafiki wako mbele. Nikashuka hadi 50, nikamwambia mjomba afunge mkanda. La pili likapiga. La tatu likapiga na honi juu. Nikawaza, leo kuna msako wa kitaifa. Tukapanda mlima kwa mwendo wa gari la bibi harusi, wala sikuona hata kofia moja nyeupe.

Mjomba yeye alikuwa na tafsiri yake. "Mjomba, kumbe unajulikana hivi! Kila mtu anakusalimia!" Akateremsha kioo kwenye baridi ile, akaanza kuwapungia mkono.

Isyonje tukapakia magunia mawili ya viazi, kosa langu mwenyewe. Nyuma ya gari ikalala chini kama kuku anayeatamia, pua ikatazama mbinguni. Taa zikaacha barabara, zikaanza kukagua miti. Halafu ukungu ukaja. Ule mwanga wote nilioununua ukagonga ukungu na kurudi usoni kwangu, utadhani mtu kaanika shuka jeupe juu ya boneti.

Mbele yetu likatokea lori la mizigo. Likapiga fuli. Mjomba akapunga. Likapiga tena, mimi nikapunguza mwendo kuwaheshimu trafiki. Basi dereva akachoka, akawasha kila kinachowaka kwenye lile lori, hadi ule mstari wa taa za juu ya kichwa. Nilichokumbuka baada ya hapo ni tairi la kushoto kuingia mtaroni na sauti ya viazi vikihama.

Dereva akashuka, kaziba macho kwa mkono.

"Kijana, zima fuli!"

"Shikamoo mkubwa. Hizo ni dimu, taa za chini tu."

Akanyamaza. Akapenyeza mkono dirishani, akavuta swichi ya taa mwenyewe. Alipoweka fuli, mwanga ukashuka ukamulika barabara. Aliporudisha dimu, ukapanda ukamulika mikaratusi. Akarudia mara tatu, kama mtoto aliyepata kidude kipya. "Ndugu yangu," akasema, "hili gari lako linaongea kinyume." Akamwita utingo wake, wakatusukuma. Viazi tulivyookota gizani havikutimia, na utingo alikuwa na koti lenye mifuko mikubwa, ila sitaki kumsingizia mtu aliyenitoa mtaroni.

Kesho yake nikampelekea mzee mmoja, fundi wa Sae. Akavua mpira nyuma ya taa, akachungulia, akacheka mpaka akakaa. Kwenye globu ya H4, ile yenye fuli na dimu ndani ya globu moja, upande wa dimu una kikombe kidogo chini yake. Kazi yake kuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya kioo cha ndani. Unagonga nusu ya juu tu, na hiyo ndiyo inayoutupa chini barabarani. LED zangu zilikuwa na kola inayozunguka, na yule kijana alizifunga kichwa chini miguu juu. Kikombe kikawa mwavuli, mwanga wote ukaruka kwenye macho ya watu.

Nikamwomba azigeuze tu. Akakataa: kioo kile kimetengenezwa kuendana na waya wa globu ya halojeni, ukiweka kitu kingine mwanga unatawanyika hata ukikifunga sawa. Akanirudishia halojeni mpya, wati 60 kwa 55. Kisha akasugua plastiki za mbele kwa msasa laini na maji, zikaacha unjano. Kumbe kibatari changu kilikuwa uchafu! Mwisho akaliegesha gari mita 10 kutoka ukutani, akachora chaki usawa wa taa, akakaza skrubu mpaka mwanga wa dimu ukakatika sentimita 10 chini ya chaki.

Wiki iliyofuata nikamrudisha mjomba Tukuyu, usiku uleule, barabara ileile. Tukapishana na magari kimyakimya. Mjomba kateremsha kioo, mkono uko tayari. Kufika Isyonje akakipandisha kioo taratibu, akanigeukia kwa sauti ya chini:

"Mjomba, umewakosea nini watu wa huku?"