India ihesabu kasta hadi kijijini

Fungua matokeo ya sensa ya India ya 2011, utafute kijiji chochote cha jimbo la Bihar. Utaonyeshwa idadi ya kaya, wanaume na wanawake, watoto wa hadi miaka 6, wanaojua kusoma, wenye mashamba na vibarua. Wadalit, walio chini kabisa katika ngazi ya kasta, yaani matabaka ya kuzaliwa, wana safu yao; Waadivasi, watu wa makabila ya asili, yao. Wengine wote wamefichwa ndani ya jumla. Mbhumihar mwenye ardhi na Mkumhar anayefinyanga vyungu ni kitu kimoja kwenye karatasi, ingawa pale kijijini hata mtoto anajua nani ni nani.

Aprili 2025 serikali ilitangaza kwamba sensa ijayo, ya 2027, itauliza kasta ya kila mtu. Mara ya mwisho hesabu hiyo kufanywa na kuchapishwa kikamilifu ilikuwa 1931, enzi za Mwingereza.

Wanaopinga wana hoja ya kusikilizwa. Katika sensa ya 1901, Risley, ofisa wa Kiingereza aliyeisimamia, alipanga kasta kwa daraja za heshima, na vyama vya kasta vikaanza kupeleka maombi vipandishwe. Kuhesabu, wanasema, huimarisha kinachohesabiwa. Msomaji wa Tanzania, ambako sensa haiulizi kabila, ataielewa hofu hiyo upesi. Tena, Bihar ilipohesabu kasta mwaka 2023, wanasiasa walikimbilia kupandisha nafasi za kazi serikalini na za masomo zinazotengwa kwa kasta za chini na makundi yaliyoachwa nyuma kutoka 50% hadi 65%. Mahakama Kuu ya Patna, mji mkuu wa jimbo hilo, ikabatilisha mwaka uliofuata.

Lakini miongo yote ya kutouliza imeondoa nini? Ndoa nyingi bado ni za ndani ya kasta. Katika vijiji vingi vya Bihar Wadalit bado wana kitongoji chao, mara nyingi upande wa kusini, mbali na nyumba za wenye ardhi. Na nafasi za kazi serikalini zinatengwa kwa kasta vilevile: ile 27% ya makundi yaliyoachwa nyuma, iliyotangazwa 1990, ilitokana na makadirio yaliyoegemea sensa ya 1931. Yaani walio hai wanagawiwa kwa hesabu ya marehemu.

Ndiyo maana nairudia kila mara namba moja ya Bihar: 36.01%. Hao ndio walioachwa nyuma kupita kiasi, wakiwemo wafinyanzi, vinyozi wa Kinai na Wamallah wanaoishi kwa uvuvi na mitumbwi. Ni kundi kubwa kuliko yote jimboni. Kasta za juu zisizotengewa nafasi kwa kasta ni 15.52% tu, hilo wengi walilitarajia. Kilichouma ni kingine: waliosema kwa miaka mingi kwa niaba ya wanyonge wote walikuwa hasa wakubwa wa kundi la kati, kama Wayadav, ambao peke yao ni zaidi ya 14%. Mfinyanzi alikuwa anazibwa na jirani wa juu na wa kati pia. Bila hesabu, angelithibitishaje hilo?

Vurugu ya majina ya kasta, iliyoharibu zoezi la 2011 la kuhesabu kasta kando ya sensa, ina dawa: Bihar iliwapa makarani orodha yenye namba kwa kila kasta. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba takwimu za kasta za zoezi hilo hazikutolewa hadharani. Zikitolewa za 2027 kwa jimbo zima tu, mfinyanzi atakuwa asilimia huko Patna na kwao hataonekana. Zitolewe kijiji kwa kijiji, kando ya safu za kusoma na kazi, ili mwanakijiji aweze kwenda nazo kwenye kikao cha panchayat, baraza la kijiji.